Uchungu wa Kola

Kola alikuwa na wivu, na ni vizuri tuliseme hilo mapema lisije likamshtua mtu mbele ya safari. Wala haukuwa wivu wa mume. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji, mtaani wakimwita Barafu, mtu mpole mwenye gesi na grisi mikononi, ambaye hakuna aliyekuwa akimnyemelea. Kola alimwonea wivu wifi yake, na alichomwonea hakikuwa nguo wala nyumba wala umbo. Alimwonea mama.

Jina la Kola alilipata kwenye cherehani. Miaka kumi na mmoja alikuwa akishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na kola zake zililala shingoni zimetulia hata shati likifuliwa mwaka mzima. Wazazi walikuwa wakisema, "Mpelekeeni yule wa kola," mpaka jina likabaki lenyewe. Ufundi huo alifundishwa na shangazi yake, aliyemlea baada ya mama yake kufariki Kola akiwa na miaka saba. Shangazi hakuwa mtu mbaya, ila alimpenda mtoto yule kwa zamu. Akiamka na furaha, Kola alikuwa mwanawe. Akiamka amenuna, Kola alikuwa mgeni aliyezidisha siku.

Kisha akatokea Barafu na suruali yake ya kupunguzwa kiuno. Akarudi nayo mara ya pili, eti bado inampwaya. Mara ya tatu Kola akamwambia hiyo suruali ikipunguzwa tena itabidi ampe mdogo wake, na kama ana neno aliseme. Alikuwa nalo. Siku alipompeleka kwao, mama yake, mkunga aliyekuwa amestaafu baada ya miaka thelathini wodini, alimshika mkono kumsalimia, akaziona zile alama zote za sindano kwenye kidole gumba, akamwacha kila mtu sebuleni na kwenda kumtafutia dawa ya kupaka. "Mwanangu," alimwambia, "kidole hiki hakina mwenyewe?" Tangu hapo Kola akawa na mama, na hakuwa na nia ya kugawana.

Tabu ni kwamba mama yule alikuwa na binti wa kumzaa. Alikuwa kitindamimba wa nyumba, na kila mtu alimwita Kitinda, msusi mwenye saluni ndogo mtaa wa pili, mcheshi, mwepesi, mtu wa kuingia chumbani na chumba kikachangamka. Kola alimpenda. Angekuwa si mtoto wa mama yule angempenda zaidi.

Mwaka huo wote wawili wakashika mimba, za kwanza, na tarehe za kliniki zikapishana siku tisa tu, Kola akiwa mbele. Hospitali ilikuwa inaruhusu mtu mmoja tu kukaa na mzazi chumbani. Mkunga akawaita wote wawili mezani akatoa tangazo.

"Mimi ni mmoja, sina pacha," alisema. "Atakayeanza, nitakwenda naye. Nikimaliza kwake, nakwenda kwa mwingine. Mkianza pamoja mtakuwa mmefanya makusudi."

Kitinda alicheka. Kola hakucheka, alipiga hesabu. Siku tisa zilikuwa zake. Kwa mara ya kwanza tangu ajue maana ya kuwa na mama, angekuwa wa kwanza kushikwa mkono, na mwenye mama wa kumzaa angengoja zamu yake kama wengine.

Basi tarehe ikafika, mtoto asifike. Siku ya kwanza Kola alijipa moyo. Siku ya pili alipiga deki nyumba nzima akiwa amepiga magoti, maana jirani yao wa mlango wa pili, mama wa watoto sita, alimwambia mtoto hushuka mama akiinama. Sakafu ikang'aa, mtoto akabaki alipo. Siku ya tatu alikwenda kliniki, wakampima, wakasikiliza moyo wa mtoto, wakamwambia kila kitu kiko sawa, ahesabu anavyocheza, na wiki ikiisha hajajifungua arudi wazungumze. Kola alitoka pale amekasirika kama mtu aliyepeleka malalamiko akaambiwa hana kesi.

Siku ya nne alianza ngazi. Mwisho wa mtaa kulikuwa na jengo la ghorofa nne la ofisi, na mlinzi wake alikuwa na mtoto aliyevaa sare za Kola. Kila asubuhi alimruhusu apande na kushuka, yeye akiwa amesimama chini amenyoosha mikono, kama angeweza kumdaka mwanamke wa uzito ule. Makarani wakawa wanamsalimia kwa kupokezana. Wa ghorofa ya tatu akamuuliza anamtafuta nani. "Namtafuta mwanangu," Kola alijibu, akaendelea kupanda.

Nanasi alikula mpaka ulimi ukawasha. Nyonga alizungusha mpaka cherehani ikamwonea haya. Jirani akamnong'oneza dawa nyingine, ile wanawake huambiana wakiwa wamefunika midomo: "Aliyemtia humo ndiye wa kumtoa, shoga." Kola akampelekea mumewe habari hiyo kwa sura ya mtu anayetoa kazi ya dharura. Barafu, ambaye siku hiyo alikuwa amebeba mafriji mawili hadi ghorofani, alisema yuko tayari kabisa kusaidia familia, akakaa kitandani avue soksi, na soksi ya pili ikamkuta amelala.

Siku ya tano jirani alileta kichupa cha mafuta ya nyonyo. "Vijiko viwili tu, jioni uko wodini." Kola alikuwa ameshafungua kifuniko mama mkwe wake alipoingia na kumpokonya.

"Haya yatakufungua tumbo la chooni, si la uzazi," Mkunga alisema. "Nimewaona waliokunywa. Mtu anaingia kujifungua hana nguvu hata ya kusema jina lake, ametapika, ameharisha, na mtoto ndani anahangaika. Na zile dawa za mizizi usizojua nani kachemsha, ndiyo usiguse kabisa."

"Sasa nifanye nini, Mama?"

"Tembea. Oga maji ya vuguvugu. Lala. Kula tende, zinasaidia wengine. Lakini usidhani kuna la kumvuta sikio. Hayo yote ni ya kukusogezea siku tu. Mtoto akiwa tayari utamjua."

Maneno ya busara. Kola aliyapokea, lakini moyoni alisikia jambo moja tu: siku tisa zimebaki nne, kesho zitakuwa tatu, na siku ya Kitinda inakuja.

Asubuhi ya siku ya sita aliamka mapema akaenda kwenye ngazi zake. Alipofika ghorofa ya pili, akihema, nani amekaa pale kwenye kidato, kanga mabegani, kopo la tende mapajani, kama yuko kwao? Kitinda.

"Wifi!" Kitinda alisema kwa furaha. "Kumbe ni kweli unapanda mpaka juu! Mimi nimeishia hapa."

"Na wewe unapanda za nini? Siku zako si bado?"

"Najifukuzia maumivu ya mgongo tu. Chukua tende. Mama kanambia sita kila siku, mwezi mzima huu nakula, nimezichoka mpaka basi."

Kola alikuwa ameshanyoosha mkono. Mkono ukarudi.

"Mwezi mzima?"

"Eee. Tangu wiki ya thelathini na sita. Alinunua mwenyewe akaniletea."

Yeye aliambiwa jana. Jana! Mimba imepitiliza, mtu ameshapiga deki, ameshakula nanasi la kutosha kijiji, ndipo anaambiwa tende kwa mdomo tu kama salamu. Na binti wa kuzaliwa alinunuliwa, akapelekewa, akahesabiwa sita sita. Kola alisema ameacha pasi kwenye moto, akashuka. Mlinzi alinyoosha mikono yake kama kawaida, na kwa mara ya kwanza hakupewa hata salamu.

Nyumbani alikaa mbele ya cherehani akashona mstari mmoja, ukaenda upande. Akaufumua. Akashona tena, ukaenda upande wa pili. Miaka kumi na mmoja haijapata kutokea. Alimwona Mkunga akilini, akiwa kwa Kitinda saa hizo, maana alikuwa amesema atapita huko kumwosha nywele kwa sababu msusi hajioshi mwenyewe. Aliwaza ile mikono kwenye kichwa cha mwingine. Ndipo akachukua simu akamwandikia mumewe:

"Mwambie mama yako nina uchungu sana."

Akatuma. Na alikuwa amesema kweli tupu. Alikuwa na uchungu. Ulikuwa umemkaba hapa kooni, uchungu wa tende, uchungu wa miaka. Kwamba mwanamke mwenye mimba ya wiki arobaini na moja kasoro siku moja hawezi kuandika neno hilo bila kuhamisha mtaa, halikumpitia kichwani hata kidogo.

Barafu alisoma ujumbe akiwa amechomeka kichwa nyuma ya friji la mteja. Alitoka humo na alama kwenye paji la uso iliyodumu wiki mbili. Akampigia mama yake. Akampigia dereva wa teksi. Akampigia jirani, na jirani hakumpigia mtu, alipiga kelele, ambazo zilifika mbali kuliko simu. Dakika ishirini hazijaisha, Kola akasikia vishindo nje, akachungulia dirishani.

Mama mkwe wake alikuwa anakimbia. Kola hajawahi kumwona akikimbia. Mikono ilikuwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, mguu mmoja una kandambili ya bluu na mwingine nyekundu, na mkoba wake wa kazi wa zamani umening'inia shingoni.

"Nipo, mwanangu!" alikuwa anaita tangu barabarani. "Nipo, usisukume, nipo!"

Hapo Kola angeweza kusema. Angesema, Mama, samahani, mmenielewa vibaya, na watu wangecheka na kurudi makwao. Lakini mtazame: kaachwa Kitinda na povu kichwani, na mama kaja kwake, anakimbia. Kola alishika meza ya kukatia vitambaa, akainama, akaguna.

Mkunga alimlaza, akamtoa nje Barafu aliyeingia nyuma yake, akamtoa jirani, akarudi kumtoa jirani mara ya pili. Akanawa, akakaa pembeni, akaweka kiganja juu ya tumbo la Kola na saa mkono wa pili. Kola naye akaguna kidogo kila alipoona ni wakati wa kuguna. Kiganja kile kilikuwa na joto, na alitamani kisiondoke. Dakika kumi zikapita. Zikapita nyingine kumi. Tumbo lilikuwa laini kama unga uliokandwa, na ndani yake mtoto alijigeuza kwa raha zake.

Simu ya Mkunga ikalia. Sauti ya Kitinda ilisikika chumba kizima.

"Mama? Maji yamemwagika. Mengi. Mama, niko peke yangu, nina shampuu machoni, sioni kitu."

"Rangi yake?"

"Meupe. Mama, unakuja? Au wifi ameshafika mbali?"

Mkunga aliishusha simu. Alimtazama Kola, na kiganja hakukiondoa.

"Mwanangu, uchungu wako uko wapi?"

Kola alijua anachoulizwa. Neno moja tu lilihitajika. Angesema "mgongoni," au angesema "umepoa lakini unarudi," na mkunga huyu asingeweza kumwacha mkwe wake mwenye mimba iliyopitiliza. Kitinda angepelekwa na dereva wa teksi, akiwa na povu lake, akiwa na hofu yake, na kwa siku moja angejua ilivyo kukosa mama. Kola alifungua mdomo kabisa kusema hivyo.

"Uko kwenye tende," alisema badala yake, na machozi yakamtoka kwa ghadhabu. "Kitinda ulimpa mwezi mzima. Ukamnunulia. Mimi ukanambia jana. Sina uchungu wa mtoto, Mama, nina uchungu wa roho, na ndivyo nilivyoandika, na mwanao hajui kusoma. Nenda. Nenda kwa mtoto wako."

Mkunga alisimama. Alisema kwenye simu, "Lala ubavu wa kushoto, nakuja," akaikata. Kisha akalifungua kabati la vitambaa, akanyoosha mkono rafu ya juu kabisa, akatoa pakiti ya tende ambayo haijafunguliwa, vumbi limeikalia.

"Siku ileile niliyompelekea yeye," alisema. "Ukasema zinakukaba, huzipendi tangu utoto, nikakwambia basi tuziweke hapa siku ukizitaka. Ulikuwa unashona, hukunitazama."

Akaiweka juu ya kitanda. Hakuwa amekasirika, na hilo lilimuuma Kola zaidi.

"Uchungu wa kweli ukianza, usiandike," alisema akiwa mlangoni. "Piga."

Akaondoka na teksi, na Barafu, na jirani, aliyekwenda kwa sababu hajui kubaki. Kola akabaki na nyumba. Mambo yalikuwa hivyo basi: Kitinda ameanza wa kwanza, tena kwa haki, na aliyeiba zamu alikuwa yeye. Alikula tende moja. Ikamkaba.

Mchana kutwa alishona. Barafu alipopiga simu kusema dada yake bado, alimjibu vizuri. Alitaka mtoto wa wifi yake atoke salama, aliomba hilo kwa moyo mmoja. Kwa moyo wa pili alikuwa anaona, bila kutaka, mkono wa Mkunga ukipangusa jasho usoni kwa Kitinda, na kila alipouona alikanyaga cherehani kwa nguvu. Asubuhi yake habari ikaja: msichana, kilo tatu na kitu, mama na mtoto wazima. Kola alipiga vigelegele peke yake chumbani, halafu akakaa chini akalia, halafu akachukua kitambaa cha kukata.

Alikuwa katikati ya suruali za darasa la kwanza tumbo lilipokaza. Alidhani ni kuinama. Alipinda mguu mmoja wa suruali, likaachia. Alipoanza kupinda wa pili, likakaza tena, kuanzia mgongoni, likaja mbele likamfunga kiunoni kama mkanda. Safari hii hakuna aliyehitaji kumuuliza lilipo. Alishona mpaka ikawa mguu mmoja wa suruali hauishi kabla tumbo halijakaza mara mbili, akaweka mkasi mezani.

Hakumpigia Mkunga. Simu aliitazama, kidole akakiweka kwenye jina, akakiondoa. Ataanzaje kusema? Jana alimkimbiza bure, leo mwanamke yule hajalala, anaosha mjukuu wake wa kwanza. Alimpigia mumewe.

"Nina..." alianza, akatafuta neno lingine. "Mtoto anakuja. Yeye mwenyewe. Na mama usimwambie. Yuko na mwanawe, mwache."

Barafu aliapa. Na kiapo alikitimiza, maana mama yake hakumwambia. Alimwambia dada yake.

Kola alipokelewa wodini na muuguzi kijana mwenye mikono ya baridi na adabu nzuri. Alitembezwa, akakalishwa, akaambiwa apumue, na alipumua kama alivyoambiwa. Kila kitu kilikuwa sawa ila mkono alioushika ulikuwa chuma cha kitanda. Uchungu ulipanda na kushuka, na kila uliposhuka alijiambia kwamba ameyataka mwenyewe, na kwamba watu wengi huzaa wakiwa wameshika chuma.

Mlango ukafunguliwa. Mkunga aliingia, macho mekundu, kilemba kimelegea, akavuta kiti bila kumwomba mtu ruhusa. Aliuchukua mkono wa Kola kutoka kwenye kile chuma, kidole kimoja kimoja.

"Nani kakwambia?" Kola aliuliza.

"Kitinda."

"Umemwacha na mtoto wa siku moja? Nani yuko naye?"

"Jirani yenu. Kitinda mwenyewe ndiye kanifukuza. Nimekaa kitandani kwake nimembeba mtoto, ananiambia, Mama, weka huyo chini, nenda. Mimi nilikuwa nawe toka nizaliwe. Yule hana mwingine. Nikamwambia ngoja nimalizie kumfunga nepi, akaniambia nitafunga mwenyewe, ondoka."

Uchungu ulikuwa unapanda tena, na kabla haujamfika juu, kitu kingine kilimtangulia, kidogo, kikali, cha zamani, alichokijua kuliko anavyoijua cherehani yake.

"Hata hilo," alisema akiwa ameuma meno, machozi yakimtiririka mpaka masikioni, "hata wema kaniwahi."

Mkunga akacheka mpaka muuguzi akageuka. Kola hakucheka. Alikuwa na hasira kwelikweli, na aliukaza mkono ule kwa nguvu zake zote, wala hakuuachia mpaka mtoto alipolia.